Jinsi ya kuorodhesha ndege wa Rwanda bila kujidanganya

Rwanda ina kilomita za mraba 26,338 tu, lakini ndege wake wa porini wanakaribia aina 700. Sababu kubwa ni mwinuko. Bonde la Bugarama liko chini ya mita 1,000, kilele cha Karisimbi kinafika mita 4,507, na kati ya hapo kuna msitu wa mvua, mafunjo, maziwa na mbuga kavu. Ukikaa mahali pamoja wiki nzima, utaandika ndege walewale. Gawa siku zako hivi: mbili Akagera (mbuga na mafunjo), tatu Nyungwe (msitu), moja Rugezi (kinamasi), na asubuhi moja katika bustani ya Nyandungu hapo Kigali.

Chukua darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, yenye lenzi ya mbele ya milimita 42. Ile ya 10x inavutia dukani, ila msituni inaonyesha eneo finyu na kuukuza mtikisiko wa mkono, na ndege mdogo hakusubiri. Andika kwa penseli, maana wino hutambaa karatasi ikipata unyevu. Nyungwe kuna baridi asubuhi: darubini iliyopoa ikiingia kwenye gari lenye joto, lenzi hufunga ukungu, basi iache ipate joto kabla ya kuitumia tena.

Jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima. Anza hapo, maliza saa 4. Baadaye ndege wengi hunyamaza. Fanya hivi:

1. Simama mahali pamoja, nyamaza dakika 2 ili ndege uliowashtua watulie.
2. Hesabu kwa dakika 10 kamili. Andika aina, idadi, na kama umemwona au umemsikia tu.
3. Anayeruka, andika na upande alikoelekea. Usipofanya hivyo, korongo wawili wanaozunguka bwawa watakuwa sita kwenye daftari.
4. Sogea mita 200 au zaidi, rudia.

Mvua au upepo ukizidi, acha. Hesabu ya siku hiyo hailingani na nyingine.

Kosa linaloharibu madaftari mengi ni majina. "Chozi" ni jina la kundi zima la ndege wadogo wanaonyonya maua, kwa hiyo weka jina la kisayansi. Katika Nyungwe, dume la Cinnyris regius na lile la C. stuhlmanni wote wana kichwa cha kijani kinachong'aa na wekundu kifuani. Usiishie kifuani, shuka tumboni: regius ana manjano pande zote mbili za wekundu, stuhlmanni tumbo lake limefifia, kijivu chenye kijani kidogo. Ukimwona kwa nyuma tu, andika "chozi" na alama ya kuuliza. Si aibu.

Turako, ndege wa msituni wenye mkia mrefu, nao wana mtego wao. Gallirex johnstoni akiruka hufungua mbawa zenye wekundu mkali. Turako mkubwa wa buluu, Corythaeola cristata, hana wekundu huo kabisa. Daraja la kamba la Uwinka, humo Nyungwe, husaidia hapa kwa kuwa linakupandisha usawa wa vilele vya miti, na shingo inapumzika. Msituni ukisikia sauti nyingi ghafla, usikimbilie. Ni msafara wa aina mbalimbali wanaotafuta wadudu pamoja. Simama tu, watakupita.

Kwenye mafunjo ya Akagera mtafute Laniarius mufumbiri: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano na mstari mweupe kwenye bawa. Ndugu yake, L. erythrogaster, ana utosi mweusi na hana mstari. Huwa wawili wakiitikiana, na mtu asiyejua huandika sauti hizo kama ndege mmoja. Korongo nyangumi (shoebill kwa Kiingereza) naye yupo Akagera, lakini mara nyingi huonekana kwa mbali sana; bila darubini kubwa ya miguu mitatu utabaki kubishana kuhusu doa la kijivu.

Rugezi usikanyage mafunjo, chini kuna maji. Kodi mtumbwi au pita kingoni. Usimkaribie korongo taji (umusambi kwa Kinyarwanda) aliyelalia mayai, maana akiondoka kiota hubaki wazi. Korongo wa Umusambi Village, Kigali, usiwachanganye na wa porini: wengi walitolewa majumbani mwa watu na hawawezi tena kuruka.

Kucheza sauti zilizorekodiwa ili ndege ajitokeze, acha, hasa msimu wa kuzaliana. Dume huacha kulisha makinda akamfukuze mpinzani asiyekuwepo.

Mwisho, tarehe. Keremkerem wa Ulaya na mbayuwayu wa huko hufika kuanzia Septemba na Oktoba, wakaondoka kufikia Aprili. Orodha ya Julai itawakosa, na kwa hiyo usiilinganishe na ya Januari ukadhani ndege wamepungua.