Gari Linapochemsha: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza magari siku za mapumziko, chini ya mwembe nyumbani kwangu Isevya, mjini Tabora, bila kuwa fundi wa kulipwa. Hitilafu iliyonifundisha mengi kuliko nyingine zote ni ya injini kuchemsha, kwani nilinunua themostati mpya (vali inayofunguka injini ikipata moto ili maji yapite kwenda kupozwa) na pampu ya maji mpya, nikazifunga kwa uangalifu mkubwa, na gari likaendelea kuchemsha kila nilipoelekea Sikonge. Chanzo hakikuwa ndani ya injini. Mbegu za nyasi, vumbi na wadudu vilikuwa vimejazana kati ya kondensa ya kiyoyozi (wavu wa mirija yake ulio mbele) na rejeta inayopoza maji ya injini, mahali ambapo mtu aliyesimama mbele ya gari hapaoni.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, jiulize gari linachemsha wakati gani. Likichemsha linapokuwa limesimama au likienda polepole, kisha likapoa unapoongeza mwendo, shaka ya kwanza iwe juu ya feni, waya zake au fyuzi yake. Likichemsha kwenye mwendo mkali au kwenye mlima, ilhali likiwa limesimama halina tatizo, huenda rejeta imeziba, nje au ndani, au maji hayazunguki vizuri. Gari langu lilikuwa la aina hii ya pili, na laiti ningejiuliza swali hilo mapema, nisingepoteza fedha za pampu.

Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya mfumo uliofungwa shinikizo huyazuia yasichemke hata yakipita nyuzi 100, lakini mara kifuniko kinapoachia, hulipuka kuwa mvuke na kumuunguza mtu uso na mikono. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza.

Injini ikishapoa, angalia kiwango cha maji na utafute mahali panapovuja, kisha umulike kwa tochi kati ya kondensa na rejeta. Anayepita njia za porini baada ya masika, nyasi zikiwa ndefu na zimekomaa, afanye ukaguzi huu mara kwa mara. Osha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu kubwa, ukianzia upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulikoingilia. Maji ya kasi sana hukunja vibati vyembamba vya rejeta na kuzuia hewa kupita.

Themostati ipimwe kabla ya kutupwa. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, upashe moto taratibu ukiwa na kipimajoto, na utazame inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Namba hiyo mara nyingi imegongwa kwenye themostati yenyewe, na 82 ni ya kawaida. Isipofunguka mpaka maji yanachemka, hapo unayo sababu ya kununua nyingine.

Ukilazimika kuingia chini ya gari kumwaga maji, jeki peke yake haitoshi. Ardhi yetu ya mchanga hudidimia polepole bila mtu kutambua, kwa hiyo weka ubao mpana na mnene chini ya jeki, zuia magurudumu kwa mawe, kisha ulaze gari juu ya stendi za chuma. Katika hili sikubali udhuru wa haraka.

Unapojaza upya, tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, kwa sababu maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija. Acha injini iwake kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, uongeze kadiri hewa inavyotoka, na ufunge kabla haijapata moto mkali. Mapovu yasipokoma, na hasa yakizidi unapokanyaga mafuta, inawezekana gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imeungua. Gari hilo lisiendeshwe tena mpaka fundi mwenye vifaa vya kupima mgandamizo wa silinda alione.