Somo: Prosesa na madabodi, kabla hujashuka Luthuli

Niliwahi kununua prosesa ya Intel, i5-8400, pale Luthuli Avenue, Nairobi, bei ya kuvutia, nikakimbia nayo nyumbani kuiweka kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) yangu ya H110. Ikakaa vizuri, kifuniko kikafungika. Nikawasha. Feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba prosesa na madabodi zote ni za soketi 1151, na hakudanganya. Zote ni 1151 kweli.

Hatua ya 1: Soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye madabodi. Kizazi cha prosesa ya Intel kinasomwa kwenye namba: i5-8400 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12. Kizazi cha 4 hukaa LGA1150, cha 6 hadi 9 LGA1151, cha 10 na 11 LGA1200, cha 12 hadi 14 LGA1700. Kwa AMD, Ryzen 1000 hadi 5000 ni AM4. Kuanzia 7000 ni AM5.

Hatua ya 2: Chipseti, yaani chipu ya madabodi inayoamua prosesa zipi zinakubalika. Hapa ndipo nilipoliwa pesa. H110 na B250 huchukua kizazi cha 6 na 7 tu. Cha 8 na 9 hutaka H310, B360 na wenzao. Umbo la soketi ni lilelile, lakini Intel walibadilisha kazi za baadhi ya pini. Kwa hiyo usiulize "inaingia?" Uliza jina la chipseti, limeandikwa kwenye madabodi yenyewe.

Hatua ya 3: RAM. DDR4 na DDR5 ni aina za RAM zisizoingiliana. AM5 ni DDR5 peke yake. Madabodi za LGA1700 kuna za DDR4 na za DDR5, soma kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Pini. Kwa madabodi ya Intel iliyotumika, pini ziko kwenye soketi, si kwenye prosesa. Toa kifuniko, washa tochi ya simu, mulika kutoka ubavuni. Pini nzima zinang'aa kwa mistari iliyonyooka kama shamba la chai. Iliyopinda inavunja mstari. Muuzaji akikuharakisha, rudisha mkono mfukoni. AM4 ni kinyume: pini ziko chini ya prosesa, kwa hiyo igeuze uitazame.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nina kompyuta ya Dell, OptiPlex 7050, yenye i5-6500. Naweza kupanda hadi i7?*
Weka i7-7700, inakubali. i7-8700 achana nayo, utarudia kisa changu.

*Mkuu, madabodi yangu ya B450 inakataa Ryzen 5 5600. Nimeuziwa mbovu?*
Pengine ni nzima. B450 ilitoka 2018, Ryzen 5000 ikaja 2020, kwa hiyo baiosi ya zamani (programu ya madabodi inayowasha kompyuta) haiijui. Mwombe fundi aisasishe akitumia Ryzen ya zamani, kisha urudishe yako. Na usikate stima katikati ya kazi hiyo! Nyinyi wa mitaa ya kupotelewa na umeme, tafuteni UPS (betri ya akiba) kwanza.

*Yangu ni i5-12400F, kila kitu kinalingana ila skrini haionyeshi kitu. Waya nimechomeka kwenye madabodi.*
Hiyo F mwishoni maana yake prosesa haina grafiki ndani. Ama ununue kadi ya grafiki na uchomeke waya huko, ama ubadilishane na mtu mwenye 12400 isiyo na F. Kama duka bado linakukumbuka, anza na hilo la pili.