Klachi Isiyoshika na Klachi Isiyoachia: Vipimo vya Kufanya Kabla ya Kushusha Giaboksi

Magari ya zamani yenye klachi ya mafuta (inayosukumwa kwa mafuta badala ya waya), mfano wa Toyota Hilux za miaka ya 1990, huletwa gereji kwa lalamiko moja, kwamba klachi imekwisha, ilhali maradhi huwa mawili. Klachi isiyoshika huacha injini ipige kelele mlimani bila mwendo kuongezeka, na klachi isiyoachia hufanya gia zigome au zikwaruze. Nilipokuwa mwanagenzi niliyachanganya: nikashusha giaboksi siku nzima, nikakuta pleti (sahani ya klachi inayoshikana na injini) bado nene, na kumbe kilichokwisha ni raba ya masta (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali), ndogo kuliko kifuniko cha soda.

Anza na kipimo cha kushika. Injini ikishapata moto, simamisha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele, weka vigingi kwenye matairi, vuta breki ya mkono, tia gia ya tatu, kanyaga kidogo pedali ya kuongeza mwendo, kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika papo hapo, pleti inashika; ikiendelea kunguruma, inateleza. Usirudierudie, kwa maana unaiunguza pleti unayoipima. Kabla hujaihukumu, bonyeza pedali kwa kidole: kwa Toyota nyingi za aina hii inapaswa kulegea milimita 5 hadi 15 kabla ya kuwa nzito. Isipolegea kabisa, klachi hubaki kama iliyokanyagwa kidogo muda wote, na hata pleti mpya itateleza. Tazama pia maungio ya injini na giaboksi, kwa kuwa oili inayovuja pale huweza kuilowesha pleti.

Kipimo cha kuachia hufanywa injini ikinguruma taratibu. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu sekunde 4, tia rivasi. Ikikwaruza, pampu pedali mara kadhaa ujaribu tena. Ikiingia kwa ulaini, shida iko kwenye mfumo wa mafuta ya klachi, si kwenye pleti. Pedali inayozama yenyewe chini ya mguu bila tone kuonekana nje huashiria masta inayopitisha mafuta kwa ndani. Kisha funua zulia chini ya pedali utafute unyevu wa masta, na uingie chini ya gari ukavute raba ya vumbi ya silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi, ile inayopokea mafuta ya masta. Ukikuta unyevu ndani ya raba hiyo, raba za silinda hazizuii tena.

Mafuta yenyewe ni yale ya breki, ya kiwango cha DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kopo la mafuta kinavyoelekeza. Hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya miaka 2, na usitumie chupa iliyokaa wazi. Oili ya injini usiitie hata kwa dharura: huvimbisha raba zote.

Kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta kunahitaji watu wawili. Chomeka mpira mwangavu kwenye nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya silinda ndogo, ncha nyingine izame kwenye mafuta safi ndani ya chupa. Msaidizi akanyage na kushikilia. Fungua nipeli, funga, ndipo ainue pedali. Endeleeni hadi mafuta yatoke safi bila mapovu, mkijaza kopo la juu kabla halijakauka, vinginevyo mtaanza upya. Mafuta yakimwagika kwenye rangi ya gari, yaoshe kwa maji mara moja.

Rudia kipimo cha rivasi. Ikiwa pedali imekuwa imara na gia bado inakwaruza, hapo sasa andaa jeki ya giaboksi.