Chungwa dirishani: kuchora kwa tando za rangi ya mafuta

Katika picha ya Arnolfini, aliyoichora Jan van Eyck mwaka 1434 na ambayo leo iko National Gallery, London, wengi hukazia macho kioo cha mviringo ukutani. Mimi hutazama chungwa moja lililokaa kwenye ukingo wa dirisha, upande wa kushoto. Ni dogo mno, lakini linang'aa utadhani lina taa ndani. Mng'ao wa namna hiyo hupatikana kwa tando, na ndizo ninazotaka kukufundisha hapa.

Utando ni rangi inayopitisha mwanga, iliyozimuliwa kwa mafuta na kupakwa nyembamba juu ya tabaka lililokauka. Mwanga huupenya, hugonga weupe ulio chini, kisha hurudi jichoni ukiwa umepita ndani ya rangi mara mbili. Kwa hiyo mng'ao hutoka chini. Kila utando unaoongeza unakolea, na hakuna utando unaoweza kuirudisha nuru uliyoipoteza mwanzoni.

1. Panga vitu, chagua saa

Vitu vitatu kwenye ukingo wa dirisha vinatosha: chungwa, chupa ya kioo cha kijani na kikombe cheupe. Chungwa huuzuia mwanga, chupa huupitisha, kikombe hudaka rangi za majirani zake. Dirisha lisiloingiwa na jua moja kwa moja ndilo bora. Hata hivyo mwanga wake unahama, basi fanya kazi saa zilezile kila siku, na usizidishe muda wa saa mbili. Zungushia kitako cha kila kitu alama ya penseli, maana kazi hii ni ya wiki kadhaa na lazima kuna siku mtu atataka kufungua dirisha.

2. Andaa ubao

Mimi napendelea ubao kuliko turubai, kwa sababu nyuzi za turubai hunasa utando na kuufanya uwe na madoa. Paka jeso nyeupe, yaani rangi ya msingi ya kuandalia ubao, mara tatu, ukipitisha msasa laini kila inapokauka. Chora mistari kwa penseli, bila kukandamiza. Makosa ya umbo yarekebishe sasa hivi, kwa sababu utando hauwezi kuyaficha.

3. Picha ya kijivu

Hapa ndipo picha inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Changanya kahawia ya udongo uliounguzwa na bluu ya altramarini upate giza, kisha ongeza nyeupe ya titani hadi upate madaraja matano ya kijivu. Ile kahawia ina manganizi, ambayo huharakisha ukaukaji, na ndiyo sababu inafaa tabaka la chini. Nyeupe ya zinki iepuke hapa: ikikauka huwa ngumu na rahisi kupasuka, na tabaka lote la juu litapasuka nayo.

Chora picha nzima kwa kijivu hicho, rangi ikiwa nyembamba, yenye tapentaini kidogo na bila mafuta ya ziada. Finya macho ili uone madoa makubwa ya mwanga na kivuli kabla ya kuhangaika na vitu vidogo. Utagundua tatizo la kila dirisha: anga ya nje ina nuru kali kuliko nyeupe yoyote utakayoikamua kwenye tyubu. Ukiipa anga nyeupe tupu, kikombe kitakosa cha kwake. Mimi hushusha anga hadi kijivu hafifu, na nyeupe safi kabisa naiwekea ukingo wa kikombe peke yake.

Kisha, vitu vyote vifanye vyeupe kuliko unavyoviona, kwa daraja moja hivi. Picha itaonekana imepauka na utashawishika kuitia giza. Usiiguse; giza litakuja na tando.

4. Subiri

Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Huvuta oksijeni na kugeuka kuwa ngozi ngumu, na hilo halifanyiki kwa usiku mmoja. Lipe tabaka la kijivu wiki moja au zaidi, mahali penye mwanga na hewa. Pitisha kitambaa cheupe juu yake. Kikitoka na rangi, bado. Niliwahi kukosa subira siku ya nne, na utando wa kwanza ukanyanyua kivuli chote cha chupa. Ilinibidi nianze upya.

5. Tando

Changanya sehemu moja ya mafuta ya kitani na mbili za tapentaini kwa tando za mwanzo, nusu kwa nusu kwa zinazofuata. Kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake. Lenye mafuta mengi hukauka polepole na kubaki laini. Ukilifunika kwa tabaka lenye mafuta machache linalokauka haraka, la juu litapasuka.

Soma tyubu kabla ya kununua. Unataka rangi zinazopitisha mwanga: altramarini, nyekundu ya kwinakridoni, kahawia angavu ya oksidi ya chuma. Rangi za kadimi hufunika, hazifai hapa. Alizarini ya zamani, nyekundu yenye alama PR83 kwenye tyubu, ni nzuri machoni lakini hupauka kwa mwanga, hasa ikiwa nyembamba. Chukua kwinakridoni, PV19, badala yake.

Sugua mafuta kidogo mno kwenye sehemu unayotaka kufanyia kazi, kisha paka rangi kwa brashi laini. Papasa kwa brashi kavu hadi alama zifutike, na penye nuru futa kwa kitambaa. Rangi ikijikusanya matone, uso ni laini mno. Upitishie msasa laini sana kwa mkono mwepesi.

Chungwa nalianza kwa manjano angavu pote. Likikauka, nyekundu upande wa kivuli, ikififia kuelekea dirishani. Mwisho, altramarini kidogo sana pale chini linapogusa ukingo. Hakuna siku niliyochanganya rangi ya chungwa kwenye paleti, na bado chungwa limetokea. Chupa inahitaji kijani mara tatu au nne, nene zaidi kingoni kwa sababu hapo kioo chenyewe ni kinene. Kikombe kiguse kwa shida: kijivujivu cha bluu kivulini, na wekundu hafifu upande unaotazama chungwa.

6. Nuru za mwisho

Sasa rudisha rangi nzito. Alama moja ya nyeupe kwenye shingo ya chupa, nyingine ukingoni mwa kikombe, zipakwe kwa mpigo mmoja na kuachwa.

7. Baada ya kazi

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike. Yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka moto lenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje, au vilowe maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko.

Vanishi ya kawaida ingoje miezi sita hadi kumi na miwili. Wakati huo usiigeuzie picha ukuta wala kuifungia kabatini, kwa kuwa mafuta ya kitani hugeuka manjano gizani. Ikishageuka, irudishe karibu na dirisha, mbali na jua kali, na baada ya wiki chache sehemu kubwa ya umanjano huo itaondoka.