SOMO: Kupanga laini ya siriali sinkronasi kwenye ruta za Cisco

Wakuu, swali la "kiolesura kiko up lakini itifaki iko down" limejirudia mno. Majibu yote haya hapa.

1. Tambua kebo: `show controllers serial 0/0/0`. Itasema DCE au DTE, yaani kebo yako ni ya upande upi.

2. Upande wa DCE ndio unaotoa saa (mapigo yanayopanga wakati wa kila biti), DTE huifuata: `clock rate 64000`. Kama kuna modemu ya mtoa huduma, saa inatoka kwake. `bandwidth` haibadilishi kasi ya laini.

3. Cisco pande zote mbili, HDLC (namna ya kufunga data katika fremu, ndiyo ya awali) ibaki ilivyo. Chapa tofauti, weka `encapsulation ppp` (PPP ni namna inayoeleweka na chapa zote), maana HDLC ya Cisco ina uga wake wa ziada.

4. Usimbaji, yaani jinsi biti zinavyoonyeshwa kwenye waya. Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Cisco huanza na NRZ (hali ya waya ndiyo biti yenyewe), ila vifaa vingi vya SDLC (itifaki ya laini ya IBM) vya IBM hutumia NRZI, ambamo biti 0 hugeuza hali ya waya na 1 huiacha ilivyo. Pande zikitofautiana, saa ipo, kebo nzima, ishara zote ziko up, lakini bendera ya 7E (biti 01111110, alama ya mwanzo na mwisho wa fremu) haitambuliki, kwa hiyo hakuna fremu inayosomeka. Usikimbilie kubadilisha kebo! Hakuna majadiliano ya kiotomatiki: ama `nrzi-encoding` iwe pande zote, ama isiwepo kabisa.
ONYO: kama ruta ya mbali unaifikia kwa laini hiyohiyo, anza na upande wa mbali. Andika `reload in 10` kwanza na usihifadhi, ili ukijifungia nje ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10 na mipangilio ya zamani. Laini ikirudi, `reload cancel`, kisha hifadhi.

5. CRC (hesabu ya kukagua makosa ya fremu) kwa kawaida ni biti 16. Ukiweka `crc 32`, iweke pande zote.

6. Washa kiolesura: `no shutdown`.

Swali: Nimefuata yote, haifanyi kazi.
Jibu: Yote yapi? Weka matokeo ya hatua ya 1.

Swali: `clock rate` inakataa.
Jibu: Kebo yako ni DTE. Rudi hatua ya 1.

Swali: Mkuu, kwenye NRZI data ikiwa 1 tupu, mpokeaji hapotezi saa?
Jibu: Umeuliza la maana. HDLC huchomeka 0 baada ya kila 1 tano mfululizo, hivyo mgeuko haukosekani. Bendera pekee ndiyo yenye 1 sita, na ndiyo maana haichanganywi na data.

Swali: Yangu inapita, ila makosa ya CRC yanaongezeka nikipandisha kasi.
Jibu: Kebo ni ndefu? Saa na data zinapishana njiani. Jaribu `invert txclock` upande unaotuma, halafu `clear counters` uhesabu upya.

Mchangiaji: Nathibitisha. Kebo fupi nayo iliondoa makosa bila amri yoyote.