Jinsi ya kuchagua ufukwe Tanzania: maji, upepo na saa ya kwenda

Mgeni anayefika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mara ya kwanza saa nne asubuhi, siku ya mwezi mpevu, hukuta bahari imeondoka. Iko kule mbali, mstari mweupe wa mawimbi juu ya mwamba, na mbele yake uwanda wa mchanga, majani na vidimbwi. Picha aliyoiona haikumdanganya, ila ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Katika mwambao wetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, kwa hiyo kabla hujauliza ufukwe gani ni mzuri, uliza maji yatakuwa wapi saa utakayokuwapo na upepo utavuma kutoka wapi. Ukishayajua hayo mawili, kuchagua pwani ni kazi ndogo.

Kuyajua maji kabla ya kusafiri

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tena hukomaa siku moja au mbili baadaye. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, huja katikati, mwezi ukiwa nusu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anayo jedwali tayari: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu.

Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne au saa tano bahari imejaa, na kupwa huwa jioni. Halafu tofauti ya kina siku hizo ni kama mita moja tu, kwa hiyo bahari haikimbii mbali. Saa hizi zinafaa Unguja, Dar es Salaam na Tanga bila kupishana sana.

Ukitumia jedwali la kwenye simu, soma urefu wa maji pamoja na saa. Kupwa kwa mita 0.3 maana yake pwani ya mashariki ya Unguja itakauka. Kupwa kwa mita 1.3 maana yake maji yatabaki karibu. Hakikisha pia jedwali linatumia saa za Afrika Mashariki. Majedwali mengine hutolewa kwa saa za Greenwich, na kukosea saa tatu baharini ni nusu nzima ya safari ya maji.

Misimu ya upepo

Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, na hupiga moja kwa moja pwani za mashariki na kusini. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hushika Desemba hadi Machi. Katikati kuna maleleji, wakati wa tanga mbili: upepo hafifu, bahari shwari, maji maangavu. Oktoba hadi katikati ya Novemba ndio wakati bora wa kuzamia na kutazama matumbawe kokote nchini. Masika, hasa Aprili na Mei, mvua huharibu mipango, na mito kama Ruvu, Wami na Pangani hushusha tope. Bagamoyo na Pangani mjini maji huwa ya kahawia. Usiende huko kutafuta bahari ya buluu miezi hiyo.

Unguja ina bahari mbili

Kaskazini magharibi, Nungwi na Kendwa, kina kiko karibu na ufukwe. Kendwa unaogelea saa yoyote, hata bamvua limekausha mashariki yote. Wakati wa kusi sehemu hizi zimekingwa na kisiwa chenyewe. Kaskazi ndipo mawimbi huongezeka na majani ya bahari hutupwa ufukweni. Kasoro yake ni watu wengi na mapapasi, yaani madalali wa watalii, wasiokubali neno "sihitaji". Kwa familia yenye watoto, au mtu mwenye siku mbili tu asiyetaka kuhesabu maji, Kendwa ndiyo jibu. Kutoka mjini ni kama kilomita 60, na daladala ya Nungwi ni namba 116.

Mashariki, kuanzia Matemwe, Kiwengwa na Pongwe hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, mwamba uko mbali na nchi, kilomita moja au zaidi mahali pengi. Ndani ya mwamba maji ni ya kina kifupi, na yakipwa huondoka kweli. Siku za bamvua panga kuogelea kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, na asubuhi uitumie kutembea. Siku za maji mafu ogelea asubuhi. Paje ndiyo pwani ya wanaoteleza kwa tiara: upepo wa Juni hadi Septemba na Desemba hadi Machi unawafaa, lakini muogeleaji akae mbali na njia yao, maana kamba zile hukata.

Kutembea hadi mwambani ndilo jambo zuri kuliko yote upande huu, na ndilo linaloleta matatizo zaidi. Utaratibu ni huu. Ondoka saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, ukiyafuata yanapotoka. Vaa raba kuukuu zinazofungwa. Ndala huchomoka kwenye tope na yeboyebo huelea. Buruza miguu unapopita kwenye maji yenye mchanga ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejilaza asikie na kuondoka. Maji yakifika chini kabisa, geuka. Usingoje uyaone yanarudi, kwa sababu hayarudi kwa mstari ulionyooka kutoka mwambani: huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi, na wewe bado umesimama pakavu.

Tena maji hayapandi kwa kasi moja. Chukua siku ambayo tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Saa ya kwanza hupanda sentimita 30 tu, mtu akadhani ana wakati. Saa ya pili 60. Saa ya tatu 90, na ya nne 90 nyingine, kisha hupungua: 60, halafu 30. Aliyechelewa saa mbili anayavuka maji yakiwa katika mbio zake.

Njiani utakuta mistari ya vigingi na kamba zilizofungwa mwani. Hayo ni mashamba ya watu, wengi wao akina mama wa kijijini. Pita pembeni, usikanyage kamba, na usiwapige picha bila kuomba.

Kuna ncha moja mashariki inayoleta faida ya pande zote: Michamvi. Upande wa Pingwe unatazama mawio. Upande wa Kae unatazama ghuba na machweo, jambo adimu pwani ya mashariki. Ule mkahawa uliojengwa juu ya jiwe uko Pingwe. Maji yakipwa unakwenda kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua, kwa hiyo anayetaka picha ya jiwe lililozungukwa na bahari aagize meza ya jioni siku za bamvua.

Mafungu ya mchanga

Nakupenda, mkabala na Mji Mkongwe, ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Siku za bamvua ondoka mjini kwenye saa tatu asubuhi, na uwe umeondoka funguni kabla ya saa nane. Wengi huunganisha na Changuu, kisiwa cha kobe wakubwa wa asili ya Aldabra. Anza na lile linalotegemea maji. Kobe hawaendi popote.

Maziwe, karibu na Pangani, ni hivyo hivyo. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, sasa ni mchanga mtupu unaotokea maji yakipwa. Mashua huondoka Ushongo au Pangani mjini. Hakuna kivuli hata cha kuweka chupa ya maji: beba mwavuli au turubai, kofia, na angalau lita mbili za maji kwa kila mtu. Ushongo yenyewe ni ufukwe mrefu, mtulivu, wenye minazi, na kwa maoni yetu ndio bora kwa bara yote kwa mtu anayetaka kupumzika tu.

Dar es Salaam kwa siku moja

Coco Beach nenda kula mihogo na kupunga upepo. Kuogelea pale maji yakijaa ni hatari, mawimbi hukusukuma kwenye mawe ya matumbawe. Anayetaka kuogelea avuke Kigamboni, kwa pantoni la Magogoni au Daraja la Nyerere, aende Mjimwema na kuendelea kusini. Au achukue boti kwenda visiwani: Bongoyo kutoka Msasani, Mbudya kutoka upande wa Kunduchi. Visiwa hivi ni maeneo tengefu ya bahari, kuna kiingilio. Uliza kama kimo ndani ya nauli, na udai risiti. Mbudya siku ya Jumapili hujaa watu, nenda siku ya kazi. Mifuko ya plastiki acha nyumbani, imepigwa marufuku bara tangu Juni 1, 2019.

Mbali zaidi

Mafia haifuatwi kwa ufukwe. Utende penye Ghuba ya Chole pana mikoko na maji hukimbia. Inafuatwa kwa matumbawe na kwa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, ambaye huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Ukiwa naye majini usimguse, wala usikae mbele ya kichwa chake. Kilwa Masoko ina ufukwe wa Jimbizi, mzuri kumalizia siku baada ya kutembea magofu ya Kilwa Kisiwani. Kibali cha magofu huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka. Msimbati, kusini ya Mtwara, kina huanza karibu na nchi, hivyo unaogelea saa yoyote, lakini watoto wasiachwe peke yao. Pemba, pita msitu wa Ngezi ufike Vumawimbi: mchanga mweupe na karibu hakuna mtu. Beba chakula chako.

Kukodi mashua, na majeraha

Kabla ya kulipa, hesabu jaketi okozi na uvae lako, usikubali lililofungiwa chini ya mizigo. Uliza mafuta ya kurudi yapo, na nahodha ana simu yenye chaji. Patana bei ya mashua nzima au ya kichwa, iwe wazi, pamoja na ada ya hifadhi na miwani ya kuogelea. Toa nusu, nyingine ukirudi. Kurudi alasiri wakati wa kusi ni kulowa na kutikiswa. Safari za mbali zianze asubuhi.

Ukiogelea karibu na mlango wa mwamba, pengo ambamo maji hupita, wakati maji yanatoka, mkondo unaweza kukuvuta nje. Usishindane nao. Ogelea kwa kufuata pwani, kushoto au kulia, mpaka uhisi umekuachia, ndipo urudi nchi kavu.

Wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano ndio huumiza watu wengi. Toa kwa kibanio miiba inayoonekana, usichimbue iliyozama kwa pini. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu, maumivu yatashuka. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, au mguu ukivimba siku ya pili, nenda kituo cha afya. Konyeza, yule kiumbe laini kama jeli anayeelea, akikuchoma, suuza kwa maji ya bahari, usitumie maji baridi ya bomba, na usisugue kwa mchanga.

Ukitoka mchangani kuingia kijijini, hasa Unguja na Pemba, funika mabega na magoti. Kanga moja au kikoi inatosha. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Fedha taslimu chukua mjini: Nungwi na Paje unaweza kupata mashine ya benki, ila Ushongo, Msimbati na kaskazini ya Pemba usiitegemee, na mwenye mashua hana chenji ya noti kubwa.