Namna ya kukisia umri wa kisanamu cha Citadel

Ukishika kisanamu cha zamani cha Citadel, kampuni ya visanamu vidogo vya michezo ya mezani, usihangaike na uso. Kipindue. Kampuni ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Newark, Uingereza, Bryan Ansell akishirikiana na kampuni ya michezo ya Games Workshop, na vya mwanzo vilimiminwa pamoja na kitako, kipande kimoja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 utaona ulimi chini ya miguu, unaochomekwa kwenye kitako cha plastiki. Ung'oe taratibu, umulike tochi kwa ubavu: jina na mwaka hujitokeza kama mwandiko kwenye sarafu iliyochakaa.

Hapo ndipo niliumbuka. Nilisoma 1986, nikatamba wiki nzima kwamba nina cha 1986. Kumbe huo ni mwaka wa hakimiliki; kalibu ileile huweza kumimina miaka mingi baadaye.

Vya zamani vina madini ya risasi, metali laini yenye sumu, ndani yake. Ilipunguzwa hadi kuondolewa miaka ya 1990. Upanga ukipinda kwa kidole kama nta, usiusugue msasa ukiwa mkavu, na nawa mikono kabla ya kula. Chepesi chenye vitundu vya hewa? Resini hiyo, aina ya plastiki ya kumimina; ni cha 2011 au baadaye.